Kobe Aliyelala Juani Mkiwa

Juzi nilipita pale njia panda ya Mkiwa nikakuta vijana wa mradi fulani wamelifunika trela lao kwa nailoni la bluu, wamelikaza kwa kamba mpaka halipumui. Waliponiona wakanipa shikamoo, mikono imejaa vumbi, nyuso zimejaa sifa. Nikaitikia, kisha nikawaambia, "Wanangu, mmelipika." Wakacheka, wakadhani bibi anatania. Sikuwa natania hata kidogo, na ndiyo maana nimekaa chini kuandika haya, kwa ajili yao na kwa ajili yenu nyote mnaokabidhiwa kitu cha umma mkitunze halafu hamjengewi banda.

Mimi naitwa Paskalina, mzaliwa wa Mungaa. Ujana wangu wote niliutumia kutunza nyumba moja ya magurudumu, na nasema bila aibu kwamba niliitunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza nyumba za matofali.

Lilikuwa trela la kukunja. Likiwa limefungwa ulikuwa unaona sanduku pana la bati, kimo chake kinafika kiunoni. Ukichomeka mkono wa chuma ubavuni na kuzungusha, paa linapanda taratibu, kuta za turubai zinanyooka, na vitanda viwili vinachomoka huku na huku. Ndani pana meza, kabati na tangi dogo la maji. Lililetwa kutoka ng'ambo kama zawadi kwa serikali yetu changa. Tuliambiwa huko lilikotengenezwa watu hulivuta kwenda kupumzika na watoto wao kando ya maziwa. Sisi hatukuwa na nafasi ya kupumzika, tulikuwa tunajenga vijiji vya ujamaa, kwa hiyo tukalipa kazi. Likawa kliniki. Lilizunguka kupima wajawazito na kuchanja watoto, na kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, lilimbeba daktari wa macho.

Watu wa vijijini hawakuhangaika na jina lake la kigeni. Walimwita Kobe, kwa vile kichwa kinatoka na kurudi ndani. Nasi tukamwita hivyo hivyo, na kuanzia hapa msinishangae nikimtaja kama mtu.

Kobe hakuwa na banda. Safari zikiisha aliegeshwa kwenye uwanja wetu pale Mkiwa, juani, miezi na miezi. Mimi niliajiriwa kufagia uwanja. Aliyekuwa msimamizi wake ni Mzee Salimu, mtu wa Kondoa, aliyewahi kutunza mahema ya jeshi enzi za Mwingereza. Alikuwa mfupi, mkali, na mwenye dini yake. Akikuta mkunjo wa turubai haukulala sawa alikuita kwa jina lako na la baba yako, hapo ujue umepatikana. Siku moja aliniona nakung'uta mkeka wangu kwa kuufuata mshono badala ya kuupiga hovyo. Akasema, "Wewe Paskalina Daudi, acha ufagio, njoo huku." Sikuushika tena ule ufagio.

Sasa nisikilizeni. Kabla yetu Kobe alikuwa mikononi mwa dereva, Ramadhani, kijana mwenye roho nzuri na haraka nyingi. Masika moja alimfunika kwa nailoni kama wale vijana wenu, akamkaza, akaenda zake akijiona kamaliza. Walipokuja kumfungua harufu iliwarudisha nyuma. Mvua haikuingia hata tone, lakini jasho la Kobe mwenyewe halikupata pa kutokea. Mchana nailoni linachemka, usiku linapoa, maji yanajikusanya kwa ndani, na turubai linaota ukungu mweusi. Ramadhani huyo huyo ndiye aliyepaka grisi kwenye mipira ya madirisha ili isikauke. Ikalainika, ikawa inashikana na vidole. Mzee Salimu alimwuliza kama nyumbani kwake chakula chote hupikwa kwa chumvi tu. Mpira, vijana, unapakwa poda, ile ile ya watoto wachanga. Grisi ni ya chuma.

Tulimfanyia Kobe hivi. Tulisimika nguzo, tukaezeka nyasi juu yake, lakini nyasi hazikumgusa. Kati ya paa lake na nyasi tuliacha nafasi ya kupita upepo, maana kivuli kinachokugusa mwili nacho kinakuunguza. Pua yake tukaielekeza mashariki, upepo wetu unakotoka, ili usimpige ubavuni. Magurudumu tukayanyanyua juu ya magogo, tukayavisha magunia, kwa sababu gurudumu linalobeba mzigo mahali pamoja msimu mzima hupasuka upande ule ule. Miguu yake tukaizungushia majivu kwa ajili ya mchwa. Tangi tulilimwaga mpaka tone la mwisho. Kuna mwaka tulisahau, tukafuga mbu wa kutosha kijiji kizima, na kliniki ikafika mahali kuchanja watu ikiwa inawagawia malaria.

Na kila wiki, asubuhi kabla upepo haujaamka, tulimwinua paa apumue. Vumbi tulilipangusa kwa brashi kavu. Sabuni hapana, sabuni inaondoa ile dawa inayozuia maji. Na kama mvua ilimkuta barabarani akafungwa mbichi, basi jua la kwanza likitoka anafunguliwa, hata kama ni Pasaka, hata kama ni Idi. Mimi na Mzee Salimu tuliachiana zamu kwenye sikukuu hizo, na hakuna aliyewahi kumhesabia mwenzake.

Hayo ndiyo mambo ya kazi. Sasa niwaambie kwa nini nilimtunza kwa moyo kuliko mshahara wenyewe.

Mama yangu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, akabaki anatambua mchana na usiku tu. Nilimhamisha kutoka Mungaa nikakaa naye Mkiwa, kwenye chumba changu kilichopakana na uwanja. Huyu ni mama ambaye pale Mungaa hakukuwa na mwanamke wa kumfikia kwa kushona. Alishona ngozi kwa msharasi, alishona magunia ya nafaka, na mshono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba watu walimletea kazi kutoka vijiji vya mbali. Macho yalipokwisha akaacha. Alikaa mlangoni, mikono imelala mapajani bila kitu, na hilo liliniuma kuliko upofu wenyewe.

Kiangazi kimoja, kwenye safari ya Mungaa, daktari wa macho alimpima ndani ya Kobe. Siku zile walikuwa wanasubiri ugonjwa uive kwanza ndipo wapasue. Akaniambia, "Bado kidogo. Nikija tena mwakani, nitamfanyia operesheni. Lakini nitahitaji chumba kisichoingiza vumbi. Hilo ndilo sharti langu."

Ninyi mnaojua Singida mnaelewa alichokuwa anaomba. Kiangazi upepo wetu hauna adabu. Zahanati ya kijiji Mungaa ilikuwa kuta tu, inasubiri mabati. Nyumba zetu zilikuwa tembe, na tembe lina udongo juu. Ukikohoa ndani, paa nalo linakujibu. Chumba kisicho na vumbi kilikuwa kimoja tu katika nchi ile yote, na funguo zake zilikuwa kiunoni kwangu. Nilijua wazi kwamba Kobe akiharibika, mama yangu atabaki gizani, na sijui daktari yule angerudi tena lini, kama angerudi.

Basi mwaka ule nikamtunza Kobe kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mzee Salimu alizoea kupaka mishono nta ya dukani ili isivuje. Maduka yakawa hayana nta, kama yalivyokuwa hayana vitu vingine vingi. Nikamwambia, "Mzee, nta si kwetu? Singida nzima ni nta." Nikaenda Mungaa nikaleta donge kubwa la nta ya nyuki, tukaiyeyusha, tukapaka mishono yote, ndani na nje, kwa upendo mkubwa. Kobe alinukia vizuri mpaka Ramadhani akasema anatamani kumla. Tukamkunja, tukamfunga. Mzee Salimu akaitwa Singida kwa kazi nyingine, mimi nikashikwa na homa, na kwa mara ya kwanza Kobe akakaa kipindi kirefu bila kuinuliwa paa.

Aliyegundua ni mama. Nilikuwa naanza kupata nafuu, nimeketi naye mlangoni. Akageuza kichwa kuelekea uwanjani.

"Paskalina, mmeweka mzinga pale?"

"Mzinga gani, mama?"

"Nasikia kundi zima linafanya kazi."

Nikasogea karibu na Kobe. Kwenye upenyo chini ya paa nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwa nidhamu, kama watu waliohamia kihalali. Nikarudi nikamweleza mama tulichofanya. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Ee mwanangu! Baba yako alipotaka nyuki waingie kwenye mzinga mpya alifanya nini?"

Nikainama. Baba alikuwa mrina asali. Hakuwa na mtoto wa kiume, akanichukua mimi porini, na walipomwambia msichana harini asali hakuwasikiliza. Nilimwona kwa macho yangu akipaka nta ndani ya mzinga mtupu ili nyuki wavutiwe na harufu. Nami nimelichukua sanduku la giza lenye tundu dogo, chini ya kivuli kizuri, nikalipaka nta kila mahali. Sikumtunza Kobe, niliwatangazia nyuki nyumba.

"Binti wa mrina asali," mama akasema akifuta machozi ya kicheko. Kisha kicheko kikamtoka. "Daktari anakuja lini?"

"Mwezi ukiandama."

Daktari hawezi kupasua mtu ndani ya mzinga wa nyuki. Alijua, nami nilijua.

Ramadhani alipendekeza dawa ya kuulia wadudu. Nilimwambia akitia sumu ndani ya chumba ambamo watu watafunguliwa macho nitamfunga yeye mle mle. Moto nao haufai, moshi mwingi unalitia turubai weusi. Iliyobaki ni njia ya baba. Nikatafuta mzinga mtupu, nikaupaka ndani ile ile nta iliyotuponza, nikauning'iniza kwenye nguzo ya kibanda. Jua lilipoanza kushuka na nyuki wametulia, Mzee Salimu, aliyekuwa amerudi, akashika ule mkono wa chuma. Alijifunika blanketi la jeshi, yanaonekana macho tu, na midomo inasoma dua. Ramadhani alijifungia ndani ya Landrova, vioo juu, akawa anatupa moyo kwa ishara.

"Polepole, mzee," nikasema.

"Mimi nimepigana vita vya Mwingereza ng'ambo, Bama," akajibu ndani ya blanketi. "Kuzungusha hakutanishinda."

Paa likapanda kidogo kidogo. Nikapuliza moshi mwembamba wa kinyesi cha ng'ombe, nikatia mkono. Masega yalikuwa yamejipanga kutoka darini, meupe, mazuri, haki ya Mungu yalikuwa mazuri. Nilikata moja moja nikaweka kwenye ndoo. Lililokuwa na malkia nikaliingiza mzingani kwa mkono wangu, na wale wengine, kundi kwa kundi, wakaanza kumfuata. Niling'atwa, siwafichi. Mzee Salimu, nyuki walimwingia ndani ya blanketi, sikio lake likavimba likawa mara mbili, na vidole vya mkono wa kulia vikakataa kukunjika. Lakini nilijisikia baba yangu amesimama nyuma yangu, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia jioni ile.

Furaha ikakatika asubuhi tulipomkagua Kobe kwenye mwanga. Sega moja lilikuwa limejishika kwenye ukuta wa turubai, na paa lilipopanda uzito wake ukauchana ukuta kwenye mshono. Ulikuwa ufa wa urefu wa mkono wangu, tena upande wa upepo.

Turubai jipya halikuwepo, si Singida wala Manyoni. Tukakata kipande kwenye kibaraza chake, ile sehemu ya kuzuia jua mlangoni. Asali tuliitoa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, bila kusugua. Kazi ya kushona ilikuwa ya Mzee Salimu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekuwa kama ndizi.

"Utashona wewe," akaniambia.

"Mzee, mimi sijawahi kushona ukuta."

"Nami sijawahi kung'atwa sikio. Kaa chini."

Nikakaa. Turubai lile ni zito, sindano inapita kwa kusukumwa na kiganja, na uzi lazima uupake nta kwanza. Ndiyo, nta tena. Safari hii tuliichemsha, tukaichuja, tukaichanganya na mafuta ya taa, na baada ya kupaka tukaiacha ipigwe jua mpaka harufu ya asali ikafa. Hilo lishikeni kama mnaishi penye nyuki. Nilishona kiraka kwa ndani, nikashona tena kwa nje, nikikunja pindo mara mbili ili uzi usile turubai. Mama alikuwa ameketi karibu, anasikiliza sindano ikipita.

"Unashona kwa hasira," akasema.

"Nashona kwa haraka, mama."

"Ni kitu kile kile. Unavuta uzi kama unamburuta mbuzi. Mshono utapinda."

"Upinde, lakini usipitishe vumbi."

Mama akanyoosha mkono akitaka kuugusa mshono, nikausogeza mkono wake taratibu, maana nta ilikuwa bado mbichi.

Daktari alikuja kama alivyosema. Tulimvuta Kobe hadi Mungaa, tukamsimamisha kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Wagonjwa walikuwa wameshafika, wengine wameongozwa kwa fimbo na wajukuu zao, wengine wamekuja kwa punda. Na upepo, kama vile nao umealikwa, ukaanza mapema. Daktari akaingia ndani, akaniita, akafunga mlango. Akauona ufa ulioshonwa.

"Hapa pametokea nini?"

"Nyuki, daktari."

Alinitazama kuona kama nina akili timamu. Nikamweleza kila kitu, na alisikiliza bila kucheka. Alikuwa mtu makini, sikumlaumu kwa kusita. Akachukua mshumaa kwenye sanduku lake, akauwasha.

"Paskalina, moto huu ukitikisika, sipasui mtu hapa. Unanielewa? Chembe moja ya mchanga ndani ya jicho lililofunguliwa, jicho limekwenda."

"Naelewa."

Akaanza kuupitisha mshumaa kando ya mishono, mlangoni, kwenye madirisha, darini. Nje upepo ulikuwa unampiga Kobe hadi chuma kinalia. Moto ukasimama. Akafika kwenye kiraka changu. Nilibana pumzi, na sikuibana ili nisiutikise moto, niliibana kwa sababu mama yangu alikuwa nje kwenye foleni, ameshika fimbo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Daktari akaanza chini akapanda juu, pole pole, akasimama pale mshono ulipopinda zaidi, akashuka tena. Moto haukutikisika.

Akaupuliza yeye mwenyewe. "Mlete wa kwanza," akasema.

Nilipotoka Mzee Salimu hakuniuliza, aliuona uso wangu. Akainua ule mkono uliovimba juu, akasema kwa sauti ya kijeshi, "Haya, foleni isogee!"

Mama hakuwa wa kwanza. Alikataa, akasema mwanawe ndiye mwenye nyumba, mwenye nyumba hali kabla ya wageni. Zamu yake ilipofika nikamshika mkono kumpandisha ngazi.

Operesheni za siku zile hazikuwa za kuamka na kwenda zako. Mgonjwa alilazwa chali, kichwa kimebanwa na mifuko ya mchanga, macho yamefungwa bandeji, haruhusiwi kukohoa wala kuinama. Wagonjwa walilazwa ofisi ya kijiji, chini ya shuka tulizozitundika kuzuia udongo wa paa, na wakati wa kufungua bandeji ulipofika waliletwa mmoja mmoja ndani ya Kobe, kwenye mwanga hafifu usioumiza macho. Waliokuwa mbele ya mama walitoka wakiwa wameshika midomo. Mzee mmoja alitoka akaanza kuwataja ng'ombe waliokuwa wanapita, huyu mwekundu, huyu ana doa, akazunguka uwanja mzima akitaja rangi.

Mama aliketi kwenye kitanda cha kuchomoka, uso umeelekea ukutani. Daktari akafungua bandeji, akamvalisha miwani minene ya waliopasuliwa. Mama akapepesa macho. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, nimejiandaa, nimejifunga kilemba kipya, nikitegemea atageuka anitazame mimi.

Hakugeuka. Aliutazama ukuta ulio mbele yake. Akasogeza uso, akaurudisha nyuma, akasogeza tena. Akanyoosha kidole.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi, mama."

"Umepinda."

Daktari akaangua kicheko, Mzee Salimu naye mlangoni akacheka, mimi nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, kwa kuambiwa mshono wangu umepinda.

Ndipo akageuka. Akanitazama muda mrefu, akanishika shavu pale nyuki waliponiuma, akasema umekonda. Kisha akaurudia ukuta. Nikamwambia kwamba akipona sawasawa, daktari akimruhusu kuinama, nitampa sindano aufumue aushone upya anavyotaka yeye.

"Wa nini?" akasema. "Vumbi limepita?"

"Halijapita."

"Basi uache. Ndio mshono wa kwanza niliouona."

Akairekebisha miwani puani, akaendelea kuutazama.